Jino la miaka sita

Mtoto mdogo ana meno 20 ya maziwa. Akifika miaka 6 hivi, jino kubwa huota nyuma ya hayo, kila upande, juu na chini: yote 4. Hakuna jino lililong'oka kuyapisha. Kwa hiyo wazazi wengi huyadhani ni ya maziwa, hawayatunzi. Kumbe ni ya kudumu! Likioza moja na kung'olewa, lingine haliji.

Huozaje? Vijidudu vya kinywani hula sukari, hutoa ukali kama wa limau, nao hutoboa jino.

Munganga aweza kuling'oa. Lakini munganga mwenye akili hakomi hapo. Humwuliza mama: «Mama, mtoto hula vitu vitamu mara ngapi kwa siku?» Hamgombezi. Kisha humpa mtoto mswaki: «Nionyeshe namna unavyosugua.» Mara nyingi mtoto husugua meno ya mbele tu, yale yanayoonekana akicheka! Basi munganga humshika mkono, wafikishe mswaki nyuma kabisa. Asubuhi, na tena kabla ya kulala, dakika 2, kwa dawa ya meno yenye floridi, halafu ateme.

Maulizo. — Jino la miaka sita huota wapi? Kwa nini munganga hakutaka kuambiwa tu, bali kuonyeshwa?