Dondoo muhimu: Ungo, beseni na sindano ni shule tosha

Mtoto hujifunza kazi za nyumbani kwa kuzishika, na vifaa vimo humo humo ndani. Wavulana na wasichana wafundishwe sawasawa.

Ungo (miaka 4–6). Apewe maharage kiasi cha kujaa kiganja, atoe vijiwe na punje zilizotobolewa na wadudu. Vidole vinapata wepesi, macho yanazoea kuona kasoro.

Beseni (miaka 6–8). Aanze na soksi zake. Nyeupe zitangulie, za rangi zifuate, kisha azisuuze mpaka maji yatoke bila povu.

Kikombe (miaka 8–10). Apime mchele kikombe 1 kwa maji vikombe 2, auchambue na kuuosha. Jiko aliwashe mtu mzima.

Sindano (miaka 9 na kuendelea). Kifungo chenye matundu 4 na kitambaa chakavu vinatosha. Njiti ya kiberiti ikiwekwa juu ya kifungo wakati wa kushona, kisha ikachomolewa, uzi hubaki na nafasi na shati hufungika bila kuvutana.

Mzazi aoneshe polepole mara moja, kisha amwachie mtoto amalize. Soksi ikibaki na doa, amwelekeze pa kusugua. Asiifue upya yeye.