Kabla Hujautaja Mji wa Watu kwenye Kipaza Sauti

Harusi ilikuwa Dar es Salaam. Bwana harusi katokea Mpwapwa, bibi harusi Murang'a, Kenya, na mshereheshaji nilikuwa mimi. Nikasoma kwenye karatasi kwa mbwembwe zote: "Wageni wetu kutoka Muranga!" Nikaitamka kama karanga. Meza ya mbele ikanyamaza. Mzee mmoja akaniita kwa kidole, nikainama, akaninong'oneza: "Ng' ya ng'ombe, kijana. Si ng ya nguo."

Tangu siku ile, nikipewa orodha ya wageni naanza kukagua miji, watu baadaye. Jina la mtu ukilikosea anaguna mmoja. Ukikosea mji, inaguna meza nzima. Haya ninayoyaeleza hapa yatamfaa mshereheshaji, mtangazaji, mhubiri mgeni, mwalimu aliyepangiwa kituo cha mbali, na mkwe anayekwenda kujitambulisha.

Ng ndiyo inayoangusha wengi. Ritifaa, kile kialama cha juu, hupotea kwenye kadi za harusi, kwenye mabango na kwenye simu, na ikishapotea msomaji hana pa kushika. Chukua kalamu uirudishe kwa mkono kabla hujapanda jukwaani. Iringa, Tanga na Shinyanga ni ng ya nguo, hazina tabu. Murang'a ni ng ya ng'ombe. Ngong, nje kidogo ya Nairobi, huandikwa bila ritifaa lakini wenyeji wanaianza na ng' ya ng'ombe vilevile, kwa hiyo maandishi peke yake usiyaamini.

Ukanda wa Mlima Kenya una mtego mwingine. Gikuyu huandikwa kwa irabu saba, na mbili kati yake, ĩ na ũ, zina alama juu. Ramani hufuta alama hizo. Mwenye lugha akisema Mũrang'a utasikia kitu kinachokaribia "Morang'a", na Nyĩrĩ ndiyo hiyo Nyeri. Th ya Thika kwake ni ile ya dhahabu, wala si ya thamani. Huhitaji kuyabeba yote hayo ukiwa unazungumza Kiswahili. Mkenya hategemei Mtanzania aongee Gikuyu harusini. Ila ukijua chanzo, hutashtuka ukisikia mji mmoja ukitajwa kwa namna mbili na watu wawili wa meza moja.

Herufi zilezile pia hubadilika ukivuka mpaka. Ky ya Luganda ni ch: Kyambogo ya Kampala husomwa "Chambogo". Ukiichukua kanuni hiyo ukaipeleka Kyela, kusini mwa Mbeya, watakucheka. Kule ky ni ky.

Kwa m na n piga makofi. M-twa-ra, makofi matatu. M-pa-nda, matatu. Mbe-ya, mawili tu, maana m imeng'ang'ania b. Njo-mbe, mawili. Ukijikuta umepiga kofi la ziada, umechomeka irabu isiyokuwapo, ukasema "Mutwara" au "Imbeya".

Mkazo hauna mambo mengi: silabi ya pili kutoka mwisho. Do-DO-ma, Si-ngi-DA kosa, Si-NGI-da ndiyo. Wanaoharibu hapa ni vijana wa redio wanaoiga mdundo wa Kiingereza. Kuyasoma majina yetu Kiingereza si jambo la jana: wakoloni waliiita Kenya "Kinya", na matamshi tunayoyasikia leo ndiyo yaliyoshika baada ya uhuru wa 1963.

Sasa namna ya kuuliza, maana hapa ndipo watu hukosea bila kujua. Usimwendee mwenyeji na jibu lako mkononi: "Ni Muranga, eti?" Atakuitikia kwa adabu, "Ee, ndiyo," na kosa lako litabaki palepale. Muulize, "Kwenu wapi, shangazi?" kisha ziba mdomo usikilize. Muulize na kijana wa hukohuko. Ukiweza, mwombe akurekodie kwenye simu. Wapiga debe wa stendi nao ni walimu wazuri, ila wao hukata: "Moro, Moro!" "Dom, Dom!" Vifupi hivyo viache stendi, usivipeleke msibani.

Ukishasikiliza, tenganisha mji na lafudhi ya mtu. Akisema "Erudoreti", subiri umsikie na maneno mengine. Kama lori kwake ni "rori", basi hiyo r ni yake, si ya Eldoret, na ukiiiga ataona unamdhihaki. Lakini jambo likisemwa sawasawa na bibi, mjukuu na mwalimu, hilo ni la mji, lichukue. Ndiyo maana sijaribu kamwe kuongea "kama wao". Nalinda jina tu, mengine nasema kwa lafudhi yangu ya Kitanzania.

Linabaki suala la jina lipi. Miji mingi ina jina la ofisini na jina la nyumbani. Lamu kwa wenyewe ni Amu, na lahaja yao ni Kiamu. Mombasa ni Mvita. Machakos kwa Wakamba ni Masaku, jina la kiongozi wao wa zamani. Eldoret hiyohiyo wazee waliiita Sisibo, kutokana na namba 64 ya shamba pale mji ulipoanzia. Mimi husoma jina la ofisini kwanza, kisha kwenye salamu nachomeka la nyumbani mara moja, na hapo vigelegele huja vyenyewe. Visiwani kuwe na uangalifu zaidi: Zanzibar ni Unguja na Pemba. Mgeni wa Wete ukimwambia "karibu kutoka Pemba, na hawa wenzako wa Zanzibar", umemtoa nje ya nchi yake.

Na ukikosea? Usipite kimya kama hukusikia minong'ono, wala usiombe radhi dakika tano. Mpe mwenyewe kipaza sauti alitaje, ulirudie mara moja, uendelee na ratiba. Ndivyo nilivyofanya siku ile. Mzee akasimama, akatamka Murang'a yake ikanyooka, ukumbi ukashangilia. Akanogewa, akageukia meza ya pili kuwashukuru wakwe zake wapya "wa Mupwapwa".

Meza ya pili ikaguna. Nikamwendea taratibu, nikampigia makofi matatu.