Mgeni Akifika Kolo: Kijitabu kwa Wananchi wa Busi na Kata Jirani

Tuanze na chupa ya maji. Mgeni anataka picha nzuri, na anayemwongoza anaona njia rahisi: kuumwagia mchoro wa mwambani maji ili rangi ikolee. Hukolea kweli, kwa dakika chache. Yakikauka, maji huvuta chumvi ya ndani ya mwamba na kuiacha juu kama ukungu mweupe, na rangi hubanduka nayo. Twiga mwekundu aliyestahimili jua na upepo karne kwa karne humalizwa hivyo, kidogo kidogo. Ndugu, usikubali, hata mgeni akiongeza hela.

Michoro hii ni mali yetu sote wana Kondoa. UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, na eneo lake linazidi kilomita za mraba 2,300. Sasa wageni wamesogea. Mwaka 2018 Dodoma ilipandishwa hadhi kuwa jiji na barabara ya lami ya kwenda Babati ikazinduliwa. Mwaka 2024 treni ya umeme kutoka Dar es Salaam ikaanza kufika Dodoma. Aliyemaliza mkutano wake Dodoma Ijumaa anaweza kulala Kondoa mjini, na kesho yake asubuhi akapanda mlima Kolo.

Sera ya Taifa ya Utalii ya mwaka 1999 inataka utalii unaotunza mazingira na utamaduni na kuwanufaisha wenyeji. Hilo la mwisho halijileti lenyewe. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila miezi mitatu: simama uulize vijana wangapi wamefundishwa kuongoza wageni, na nani anauza asali, chakula na malazi. Jiji likikua huku vijiji vyenye michoro vikibaki kutazama magari yakipita, hatuoni nani atakayekuwa na moyo wa kuilinda.

Ulinzi wenyewe una sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda michoro ya miambani iliyochorwa kabla ya 1863. Kuchora juu yake, kuikwangua au kuivunja ni kosa. Wapo waliochimba chini ya miamba wakitafuta hazina inayosemekana kuachwa na Wajerumani. Wanachoharibu ni udongo wenye mabaki ya watu wa kale, na huo haurudishiki. Miti pia tuiache: kivuli chake hukinga ukuta na jua, mvua na vumbi.

Bado wapo wanaokwenda kwenye mwamba wenye michoro wa Mungomi wa Kolo kutambika na kuomba mvua. Kwa maoni yetu, mgeni ndiye wa kusubiri. Akikuta wazee wako kwenye tambiko, akae chini ya mlima, na kamera aiweke mfukoni mpaka aruhusiwe. Wazee nao tunawaomba pombe ya tambiko imwagwe chini, isirushwe ukutani.

Ukiwa machungani ukakuta mchoro usiowahi kuusikia, usiuguse wala usiupanguse vumbi. Kumbuka mahali, kisha mwambie mtendaji wa kijiji au ofisi ya Mambo ya Kale pale Kolo.