Reli ikipita, mji utakua?

SWALI: Reli ya SGR inapita karibu na mji wetu mdogo, na wenzangu wanagombania viwanja kandokando yake. Nami nijitose?

JIBU: Usitazame reli inapopita, tazama mzigo unaposhukia. Treni isiyosimama haimwachii mama ntilie hata senti. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ina kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, lakini stesheni zake nyingi zimebaki vijiji. Makambako ilichipuka kwa sababu hapo reli hukutana na barabara kuu ya Zambia na ile ya Njombe na Songea. Mzigo unapobadilishiwa chombo, huhitajika ghala, makuli, fundi na gesti.

Tunduma, mpakani na Zambia, nayo imelishwa na foleni ya malori. Dereva wa lori anayesubiri forodha hununua chipsi mayai na vocha, hufuliwa nguo, hubadilisha kwacha. Kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa 2019 kililenga kupunguza kusubiri huko: heri kwa mwenye mzigo wa Lubumbashi, Kongo, si lazima kwa mwenye gesti. (Wapanga mipango wetu hupenda kusahau hilo.)

Kwa hiyo nenda kwanza idara ya ardhi ya halmashauri yenu. Uliza kama stesheni itapokea mizigo au abiria tu, na kama kuna barabara ya kuifikia. Kiwanja kilichomo ndani ya hifadhi ya reli usikiguse, hata kikiuzwa bei ya kutupa: utabomolewa.