Rubani Mchovu Hajijui: Hatua 7 kwa Wanaoruka Kutoka Isiolo

Tarehe 15 Agosti 2022, ndege ya Ethiopian Airlines iliyotoka Khartoum iliufikia uwanja wa Addis Ababa ikaupita, ingali juu futi 37,000. Waongoza ndege waliita wasijibiwe. Iliripotiwa kwamba marubani wote wawili walikuwa wamelala, na kilichowaamsha ni king'ora cha mtambo wa kujiendesha ulipojizima. Walitua salama.

Kwenye ndege ndogo inayotoka Isiolo, rubani anaweza kuwa peke yake, bila wa kumgutusha. Uchovu nao una hila: hugusa kwanza uwezo wa kujipima. Aliyechoka huapa kwamba yuko sawa. Kwa hiyo uamuzi wa kuruka utegemee saa na hesabu, wala si jinsi unavyojisikia.

Hatua ya 1: Hesabu usingizi wako. Mtu mzima huhitaji saa 7 hadi 9 kila usiku. Wataalamu wa uchovu kazini wana kipimo chepesi: ukiwa umelala chini ya saa 5 katika saa 24 zilizopita, au chini ya saa 12 katika saa 48, hufai kazi ya hatari. Ziandike saa hizo kabla ya kugusa ndege. Usingizi uliokosa juzi ni deni, na usiku mmoja mzuri haulimalizi lote.

Hatua ya 2: Chagua pa kulala. Isiolo iko kwenye barabara kuu ya Marsabit na Moyale, na malori hupita usiku kucha. Omba chumba cha nyuma, mbali na barabara na jenereta. Hakikisha kuna feni na neti isiyotoboka, maana joto na mbu hawakuachii hata lepe la usingizi. Mwezi wa Ramadhani, ukiamka kula daku, panga kulala mapema au omba zamu ya baadaye.

Hatua ya 3: Tazama saa ulizokaa macho. Baada ya saa 17 bila kulala, utendaji wa mtu hushuka kama wa mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Mwaka 2020, nzige wa jangwani walipovamia kaskazini mwa Kenya, Isiolo ilikuwa moja ya vituo vya ndege za kunyunyizia dawa. Nzige hulala mitini usiku na kuruka jua likishapasha, kwa hiyo kazi ya aina hiyo humtaka rubani aamke mapema sana. Aliyeamka saa kumi alfajiri huanza kupungukiwa na nguvu mchana, kati ya saa nane na saa kumi, wakati mwili wenyewe hutaka kusinzia na joto la Isiolo limepamba moto. Safari ngumu ziweke asubuhi.

Hatua ya 4: Usijidanganye na kahawa wala miraa. Kahawa huamsha kwa muda, lakini nusu ya nguvu yake huwa ingali mwilini baada ya takriban saa 5. Ukiinywa jioni, unaiba usingizi wa usiku. Miraa, ambayo Isiolo huhitaji kwenda mbali kuitafuta, mtu asiiguse kabla ya kuruka. Stimu yake huficha uchovu bila kuuondoa, na ikikatika, usingizi huja kwa kishindo. Sheria za anga pia zinakataza kuruka ukiwa chini ya athari ya kitu kinachovuruga akili.

Hatua ya 5: Lala kidogo, kisha ngoja. Kati ya safari mbili, jinyooshe kivulini dakika 20. Ukiamka, usikimbilie kuruka. Jipe nusu saa nyingine mang'amung'amu yaishe. Tarehe 22 Mei 2010, ndege ya Air India Express ilipita mwisho wa njia ya kutulia Mangalore, India, na watu 158 wakafa. Kinasa sauti kilionyesha kwamba nahodha alilala sehemu kubwa ya safari. Alipoamka alishuka akiwa juu mno, na rubani msaidizi alipomwambia apae tena, hakusikiliza.

Hatua ya 6: Zijue dalili ukiwa angani. Umeombwa kurudia maelekezo mara mbili. Umesoma kipimo cha mafuta na hukumbuki ulichoona. Macho yameganda kwenye kipimo kimoja cha dashibodi. Hapo kope zinaweza kufumba sekunde 5 bila wewe kujua, na ukiwa unatua kwa kilomita 150 kwa saa, umeshasogea zaidi ya mita 200. Kunywa maji, soma orodha ya ukaguzi kwa sauti, waarifu waongoza ndege, kisha utue uwanja ulio karibu. Usilazimishe kufika ulikopangiwa.

Hatua ya 7: Sema mapema, kwa tarakimu. "Nimechoka" ni rahisi kubishiwa. Mwandikie msimamizi hivi: "Nimelala saa 4 tangu jana. Siruki leo kabla sijapumzika." Nawe msimamizi, usimkate mshahara wala kumnunia anayesema hivyo. Ukifanya hivyo, wa pili atanyamaza na kupanda ndege. Marekani, baada ya ajali ya Buffalo ya 2009 iliyoua watu 50, kanuni mpya zilimpa rubani wa ndege za abiria angalau saa 10 za mapumziko kabla ya zamu. Kampuni yenye ndege moja tu Isiolo inaweza kujiwekea kanuni hiyo leo, bila kungoja kulazimishwa.