Safari ya Krismasi Huanzia Mezani



Ni saa kumi na moja alfajiri, siku chache kabla ya Krismasi, katika mtaa mmoja wa Nairobi. Gari liko langoni, injini inanguruma. Baba ameketi kwenye usukani kwa dakika ishirini sasa, naye anapiga honi kwa mara ya tatu. Ndani ya nyumba mama anamvika kitinda mimba viatu, huku akitafuta kifuniko cha chupa ya uji, huku akijiuliza kama pasi imezimwa. Mtoto wa kwanza analia kwa kuwa hajui sweta yake imo katika begi lipi.

Mama anapotoka, baba anasema, "Mama watoto, kila mwaka ni hivi hivi. Unatuchelewesha."

Naye mama anajibu, "Baba watoto, wewe umefungasha nini hata uchoke kungoja?"

Kutoka hapo hadi Nakuru, mwendo wa kilomita 160 hivi, hakuna anayesema neno. Watoto huko nyuma wamenyamaza pia. Wameelewa.

Huo ni mfano tu, lakini wengi wetu tunaijua safari hiyo. Je, kosa lilianzia wapi? Halikuanzia langoni. Baba hakuwa mvivu: alipeleka gari kwa fundi, akajaza mafuta, akapakia mabegi. Kwa maoni yake alikuwa amemaliza sehemu yake. Lakini mama alikuwa amebeba mzigo ambao haukai ndani ya buti, nao ni mzigo wa kukumbuka. Ni nani anayehitaji viatu? Dawa ya mtoto imebaki kiasi gani? Shangazi yupi hakupata leso mwaka uliopita? Wazee walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Usipoubeba wewe, unauona mwepesi.

Basi somo letu la leo ni hili: matayarisho ya safari ni kazi ya watu wawili, na kukumbuka ni sehemu ya kazi hiyo.

1. Kaeni mezani majuma mawili kabla

Chagueni jioni moja, watoto wakishalala. Chukueni karatasi na kalamu. Andikeni kila jambo linalotakiwa, kubwa kwa dogo: mafuta ya gari au tikiti za basi, nguo, dawa, zawadi, jirani wa kuangalia nyumba, chakula cha kuku. Kisha andikeni jina moja mbele ya kila jambo. Msiandike majina mawili, kwa maana jambo la wote mara nyingi huwa halina mwenyewe.

Aliyeandikiwa jambo na alikumbuke mwenyewe mpaka liishe, bila kusukumwa. Mume anayesema, "Niambie tu nikusaidie nini," amesema kwa nia njema, lakini amemwachia mkewe kazi ya kukumbuka. Ni afadhali aseme, "Dawa na vyandarua ni vyangu. Usiviwaze tena." Naye mke akishakabidhi jambo, asimfuate mumewe nyuma akilirudia kwa njia yake. Kama mume amekunja nguo za watoto vibaya, zitavaliwa hivyo hivyo.

2. Semeni wazi juu ya fedha na wakwe

Ugomvi mwingi wa Desemba hutokana na fedha zilizotolewa kwa siri. Mume anampa kaka yake noti kadhaa nyuma ya nyumba. Mke anamtumia mama yake bila kusema. Wakirudi mjini, Januari inawakuta na karo, sare na vitabu.

Kwanza, tengeni fedha za shule na nauli ya kurudi kabla ya kununua zawadi yoyote. Mnaosafiri kwa basi mnajua jinsi nauli inavyopanda mwezi huo, kwa hiyo kateni tikiti mapema. Pili, kubalianeni kiasi cha zawadi kwa pande zote mbili. Kama kwa wazazi wa mume mnapeleka sukari, majani ya chai na unga, je, wazazi wa mke watapata nini, na mtakaa kwao siku ngapi? Jambo hili lisingoje kuamuliwa mkiwa tayari bomani, mbele ya mama mkwe. Tatu, tengeni kiasi kidogo cha dharura, na mjibu kwa sauti moja ndugu anapoomba zaidi: "Tulipanga hivi sisi wawili."

3. Mabegi ya watoto

Kila mtoto aliyefikia umri wa kwenda shule aweza kuwa na begi lake dogo. Mpeni hesabu: suruali au gauni tatu, shati tatu, nguo za ndani, sweta moja, viatu vya kuchezea, na nguo ya Misa ya Krismasi. Mwacheni afungashe, kisha mmoja wenu akague. Mtoto aliyefungasha mwenyewe anajua sweta yake iko wapi.

Wekeni begi moja la njiani ambalo halitaingia buti. Ndani yake tieni maji ya kunywa, chakula kikavu, nguo moja ya akiba ya kila mtoto, nepi, karatasi ya chooni na taulo ndogo. Mkielekea Eldoret na Bungoma, kumbukeni kwamba barabara hupanda hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Hapo baridi ni kali hata kama mlitoka nyumbani kwenye jua. Masweta yakae juu kabisa.

Kwa mtoto anayetapika garini, mpeni chakula chepesi kabla ya kuondoka, aketi anapoweza kutazama mbele, wala asisome. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, kwa hiyo bebeni kikopo cha zamani chenye kifuniko.

4. Afya: jambo lisilosahaulika

Hapa pana hatari kubwa kuliko kuchelewa. Kaunti zilizo karibu na Ziwa Victoria na nyingi za magharibi, kama Busia, Siaya, Kakamega na Bungoma, zina malaria nyingi. Nairobi ina malaria kidogo sana. Mtoto aliyezaliwa na kukulia Nairobi hana kinga ambayo binamu zake wa kule wameipata kidogo kidogo. Hata baba anayesema, "Mimi nilikulia huku," amepoteza sehemu ya kinga yake kwa miaka mingi ya kukaa mjini. Mama mjamzito naye yumo hatarini zaidi.

Kwa hiyo bebeni vyandarua vilivyotiwa dawa, vya kuwatosha watoto wote, na kamba za kuvifungia. Msidhani mtavikuta huko, kwa maana wageni ni wengi na vitanda ni vichache. Bebeni pia dawa ya kushusha homa, pakiti za ORS za kuharisha, na kitabu cha kliniki cha mtoto mchanga. Kama mna mtoto mdogo au mke ana mimba, mwoneni mhudumu wa afya kabla ya safari.

Tena kumbukeni hili mkirudi: malaria ya kwetu kwa kawaida hujitokeza kati ya siku 7 na 30 baada ya kuumwa na mbu. Mtoto akishikwa na homa katikati ya Januari, msiseme ni mafua ya kufungua shule. Mpelekeni apimwe siku hiyo hiyo, na mwambieni daktari mlikotoka.

5. Gari na barabara

Magurudumu, breki, taa, maji na oili vikaguliwe wiki moja kabla, si jioni ya mwisho. Kila mtu afunge mkanda, na watoto pia. Mtoto aliyepakatwa hana ulinzi. Gari likigonga, hakuna mikono ya mama iliyo na nguvu ya kumshika.

Ondokeni kunapopambazuka, msisafiri usiku. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana Migaa, katika barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, na watu zaidi ya 30 wakafa. Ilikuwa ni saa ambazo madereva wanashindana na usingizi. Pumzikeni kila baada ya saa mbili. Mke akimwambia mume, "Punguza mwendo," mume asiyachukue kuwa ni dharau. Na kama mko katika matatu, kumbukeni kwamba sheria haimruhusu dereva kupita kilomita 80 kwa saa. Mnayo haki ya kumwambia, nyote wawili.

6. Asubuhi yenyewe

Mabegi yafungwe jana yake mchana, yapangwe mlangoni jioni. Karatasi yenu isomwe mara ya mwisho kabla ya kulala. Asubuhi, mmoja avike watoto na mwingine afunge madirisha, jiko na maji. Halafu asiwepo anayemngoja mwenziwe ndani ya gari. Ingieni pamoja, salini sala fupi pamoja na watoto, ndipo ufunguo ugeuzwe.

Mkisahau kitu, na kitu fulani mtasahau, msiulize, "Nani alisahau?" Ulizeni, "Tufanye nini?" Mswaki hununuliwa Nakuru. Neno kali lililosemwa mbele ya watoto huchukua siku nyingi kuondoka.

Maswali ya kujadiliana ninyi wawili

Someni maswali haya pamoja. Kila mmoja ajibu bila kukatizwa.

1. Katika safari yetu ya mwisho, ni jambo gani ulilolibeba wewe peke yako kichwani, nami sikujua?
2. Ni jambo lipi moja ninaloweza kulichukua kabisa mwaka huu?
3. Je, wazazi wa pande zote mbili wamepata haki sawa kwetu?
4. Watoto wetu watakumbuka nini juu ya safari hii?

Zoezi la juma hili: tafuteni karatasi. Hata kama safari bado iko mbali, andikeni mambo kumi ya kwanza, na jina moja mbele ya kila jambo. Kisha ibandikeni jikoni, mahali ambapo wote wawili mnapita.