Divai ya Ndizi: Hewa Ndiyo Adui

Ndizi zikifurika sokoni, mkulima wa Kisii na Nyamira huziuza kwa hasara au huziacha zioze. Divai inaweza kuziokoa.

Ndizi zilizoiva kabisa humenywa, hupondwa, huchemshwa na maji, kisha huchujwa. Sukari na hamira huongezwa juisi ikishapoa, kwa kuwa joto kali huua hamira. Chombo kisafi hufungwa kabisa, isipokuwa mpira mwembamba ambao ncha yake huzamishwa majini: gesi hutoka, hewa haiingii. Hewa ikipenya, divai hugeuka siki. Mapovu yakikoma, divai huhamishwa polepole, mashapo yakibaki chini.

Anayetaka kuuza sharti kwanza apate leseni chini ya sheria ya vileo ya 2010 na alama ya ubora ya KEBS.